JE, NI KWELI AJALI HAINA KINGA?

Mimi sina gari. Sina hata baiskeli. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na kila siku ya masomo natembea kilomita tatu asubuhi na nyingine tatu jioni, karibu na Karatina, kando ya barabara ya kwenda Nyeri. Kwa hivyo nikitoa maoni yangu juu ya madereva usinicheke ukasema, "Huyu naye anajua nini?" Mwenye gari huiona barabara kupitia kioo. Sisi wa kutwa huiona kwa miguu, na matope yake tunafika nayo darasani.

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa shule ya msingi na nimeiandika kwenye insha zaidi ya mara moja. Leo nataka kuibishia. Sibishi kwa ujeuri, bali kwa sababu ya mambo mawili niliyoyaona kwa macho yangu.

La kwanza ni la huzuni. Mwaka jana, wakati wa mvua ya masika, mwenzetu mmoja alikuwa amesimama kando ya njia kwenye kona iliyo karibu na kiwanda cha kahawa, akingoja rafiki yake ili waje shuleni pamoja. Pikapu ilitokea juu ya mteremko. Dereva alikuwa jirani yetu, baba wa watu, ambaye hupeleka kabeji sokoni Karatina. Hakuwa amelewa. Wala hakuwa anakimbia sana. Ng'ombe aliingia barabarani, naye mzee akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Magurudumu yakajifunga. Akazungusha usukani kumkwepa ng'ombe, akazungusha tena, lakini gari halikumsikia. Liliteleza moja kwa moja juu ya lami iliyolowa hadi pale mwenzetu alipokuwa. Ng'ombe alipona. Mwenzetu alilazwa hospitalini miezi miwili, na hadi leo anatembea kwa magongo.

Tulipoenda kumwona, watu wazima waliokuwa pale uani walitikisa vichwa na kusema, "Ndio hivyo, ajali haina kinga." Yule mzee mwenye pikapu alikuwa ameketi kwenye benchi peke yake akilia kama mtoto. Alikuwa akirudia neno moja tu: "Nilikanyaga breki. Haki ya Mungu, nilikanyaga." Maneno yale yalinikaa moyoni. Alikuwa amefanya kile alichokijua, na alichokijua hakikutosha.

La pili lilitokea wakati wa likizo ya Agosti. Mjomba wangu anaishi Nyeri mjini na ana gari aina ya Subaru la rangi ya samawati. Yeye na wenzake wameunda klabu ya wenye magari ya namna hiyo. Huku kwetu klabu kama hizi hazisifiwi sana. Watu husema ni vijana wenye pesa wanaopiga kelele na mabomba ya moshi usiku, kisha wanatuma picha kwenye simu. Mimi pia nilikuwa nikisema hivyo, ingawa si mbele ya mjomba. Aliponiambia kwamba klabu yao imekodi uwanja wa mbio upande wa Athi River kwa siku moja ili wafunzwe kuendesha, nilidhani ni kisingizio cha kwenda kukimbiza magari mbali na polisi. Nilikubali kwenda kwa sababu ya chakula tu.

Tulifika saa mbili asubuhi. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba kwa muda wa saa nzima hakuna gari lililokimbia. Fundi alikagua kila gari. Alitazama tairi, akapima upepo, akakaza nati za magurudumu, akatikisa betri kuona kama imefungwa vizuri. Kila kitu kilichokuwa ndani kikatolewa: chupa za maji, jeki, miavuli, hata zulia la miguuni upande wa dereva. Mkufunzi, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, alieleza kwa nini. Alisema kwamba gari likisimama ghafla, chupa iliyo chini ya kiti huendelea na safari. Ikiingia chini ya breki, huna breki tena. Je, msomaji, ni matatu ngapi umepanda zenye mizigo miguuni mwa dereva?

Halafu akawafunza kuketi. Naam, kuketi! Watu wazima wenye leseni za miaka kumi walifunzwa jinsi ya kuvuta kiti hadi mguu uweze kukanyaga breki mpaka mwisho huku goti likiwa limepinda kidogo, na jinsi ya kushika usukani kwa mikono miwili. Mjomba, ambaye huendesha akiwa amelala nyuma kama mtu aliye kwa kinyozi, alisogezwa mbele mara mbili. Wenzake walicheka, kisha nao wakasogezwa.

Baadaye yakaja mazoezi ya breki. Viliwekwa vikoni vya rangi ya machungwa kuonyesha mahali pa kuanza kukanyaga. Gari la kwanza lilikuja kwa kilomita 50 kwa saa, ule mwendo ambao sheria yetu inaruhusu mjini. Liliposimama, mkufunzi aliniambia mimi na watoto wengine wawili twende tukahesabu hatua. Nilihesabu hatua 17. Kisha gari lilelile likaja kwa kilomita 100 kwa saa. Kabla ya kuhesabu tuliulizwa tukisie. Mimi nilisema 34, kwa kuwa mwendo umeongezeka maradufu. Nilihesabu hatua 69.

Msomaji wa kidato cha tatu, hapa ndipo nilipokumbuka somo la fizikia. Nguvu za mwendo hutegemea kasi mara kasi. Ukizidisha kasi mara mbili, umbali wa kusimama huzidi mara nne. Hesabu hiyo tulikuwa tumeifanya darasani na nikapata alama zote, lakini sikuwa nimeielewa hata kidogo mpaka nilipoitembea kwa miguu. Na hapo bado hujahesabu sekunde moja ambayo dereva hutumia kuona hatari na kuhamisha mguu. Kwa kilomita 50 kwa saa, sekunde hiyo peke yake ni mita 14. Kwa kilomita 100, ni mita 28, na gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Mtoto aliye mita 50 mbele ya dereva wa kwanza ataokoka. Aliye mbele ya dereva wa pili hataokoka.

Mchana wakamwaga maji kwenye lami. Mkufunzi akaleta gari kuukuu lisilo na breki za kisasa zinazojiachia zenyewe, zile wanazoziita ABS. Akaja, akakanyaga breki hadi mwisho, magurudumu yakajifunga, akazungusha usukani kushoto. Gari likaenda moja kwa moja likaangusha vikoni vyote. Moyo wangu uliruka. Lilikuwa ni lile jambo la kona ya kiwanda cha kahawa, mbele ya macho yangu, ila hapa palikuwa na vikoni vya plastiki.

Kisha akarudia. Safari hii, gari lilipoanza kuteleza, aliachia breki kidogo tu. Magurudumu yakazunguka tena, gari likamsikia, likapita pembeni mwa vikoni bila kugusa hata kimoja. Alieleza kwamba gurudumu lililojifunga haliwezi kukata kona, hata ukizungusha usukani namna gani. Ukiachia breki kidogo linashika tena, unakwepa, halafu unakanyaga tena. Kwa gari lenye ABS mambo ni tofauti: unakanyaga kwa nguvu bila kuachia na unaelekeza usukani unakotaka kwenda. Kila mmoja alijaribu mara tatu. Mjomba aliangusha vikoni mara mbili za kwanza. Mara ya tatu akapita.

Somo lote lilichukua dakika kama kumi kwa kila mtu. Dakika kumi! Jirani yetu ameendesha pikapu miaka mingi na hakuna aliyewahi kumpa dakika hizo kumi.

Tulipokuwa tukirudi jioni, niliona kwamba mjomba anaendesha taratibu kuliko siku zote, hata tulipoingia ile barabara pana ya Kenol hadi Marua, yenye urefu wa kilomita 84, ambako kila mtu hujiona rubani. Nikamuuliza, "Anko, mbona leo unaenda pole pole?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Leo nimeona mahali gari inaishia. Kumbe miaka yote nilikuwa naombea tu."

Basi maoni yangu ni haya: mafunzo kama yale si anasa ya wenye Subaru. Ni haki ya kila anayeshika usukani, na zaidi ni haki yetu sisi tunaotembea kando ya barabara.

Najua kuna watakaopinga. Wa kwanza watasema kwamba dereva hufunzwa tayari katika shule za udereva. Ni kweli hufunzwa. Lakini waulize ndugu zako waliopata leseni. Watakwambia walisukuma kigari kidogo juu ya ubao wenye mji wa kuchorwa, wakataja alama za barabarani, kisha wakaendesha kidogo barabarani mtahini akiwa pembeni. Ubao ule una faida, kwa kuwa unamfunza mtu nani apite kwanza kwenye mzunguko. Ila ubao hauna mvua, na kigari chake hakitelezi. Kwa mujibu wa takwimu za NTSA, zaidi ya watu 4,000 wamekufa katika barabara za Kenya katika kila mmoja wa miaka ya karibuni. Wengi miongoni mwao ni watu wa miguu kama mimi. Kama wanafunzi 4,000 wangekufa kwa ugonjwa mmoja kila mwaka, tungekuwa tumeshatafuta chanjo.

Wa pili watasema kwamba mafunzo ya uwanjani huwafunza vijana kukimbia. Hoja hii ina uzito na sitaki kuiruka. Mwalimu wetu wa fizikia alinieleza kwamba huko Norwei, miaka ya nyuma, madereva walifunzwa kuendesha kwenye barafu na utelezi, na watafiti walipochunguza wakakuta vijana wa kiume waliofunzwa walipata ajali zaidi, si chache. Kwa nini? Kwa sababu walitoka wakidhani wameuweza utelezi, wakaacha kuuogopa. Kwa hiyo funzo likimfanya mtu ajione bingwa, ni afadhali angebaki nyumbani. Lakini siku niliyoiona mimi ilikuwa kinyume. Mkufunzi hakumsifu mtu. Aliwaacha waangushe vikoni, akawatuma wahesabu hatua, akawauliza, "Kama hicho kingekuwa mtoto?" Walitoka uwanjani wakiwa wadogo kuliko walivyoingia. Hilo ndilo funzo ninalolitetea: lile linalomwonyesha dereva mwisho wa uwezo wake.

Na wale vijana wanaosema wanaiga Safari Rally, nina neno nao. Guka wangu hupenda kusimulia jinsi walivyokuwa wakingoja magari ya Safari wakati wa Pasaka, zamani mashindano yalipokuwa yakipita sehemu hizi za Mlima Kenya. Humtaja Joginder Singh, aliyeshinda mwaka wa 1965, 1974 na 1976. Humtaja Patrick Njiru, ambaye jina lake lilikuwa likiitwa kila dereva wa matatu aliyekimbia. Lakini guka husahau kusema, nami namkumbusha, kwamba Joginder alikuwa fundi kwanza, aliyeijua kila nati ya gari lake, na kwamba mwaka wa 1968 magari 93 yalianza safari na yakamaliza saba tu. Katika Safari sifa ilikuwa ya aliyefika.

Safari iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021, kule Naivasha, tuliona kwa televisheni jinsi wanavyofanya kazi. Kabla ya siku ya mbio, dereva na msomaji ramani wake hupita njia ileile kwa mwendo mdogo, wakiandika kila kona kwenye daftari. Siku yenyewe barabara imefungwa, wamevaa helmeti, wamezungukwa na kizimba cha vyuma. Maxine Wahome aliposhinda daraja la WRC3 mwaka wa 2022, alikuwa na haya yote. McRae Kimathi alipokwenda Uswidi mwaka huohuo kushindana juu ya theluji, hakuamka tu asubuhi akaenda. Alikuwa amepelekwa Ulaya pamoja na vijana wenzake wa Kenya kufunzwa. Sasa wewe kijana wa Nyeri unayekata kona za Othaya usiku ukitaka kuwa kama wao, daftari lako liko wapi? Umeiga mlio, ukaacha masomo.

Wa tatu watasema, "Maneno mazuri, lakini pesa?" Hapa ndipo naomba nisikilizwe vizuri na wakubwa. Sisemi tujenge uwanja wa mbio Nyeri. Uwanja wa maonyesho ya kilimo pale Kabiru-ini upo, na baada ya maonyesho kwisha sehemu kubwa yake hukaa kimya. Vikoni ni vya plastiki. Maji tunayo, Mlima Kenya na Nyandarua havijatunyima. Wakufunzi wanaweza kualikwa, kwa maana sehemu zetu hazikosi watu wa mbio. Nanyuki imewahi kuandaa raundi ya mashindano ya taifa. Kinachokosekana ni mtu wa kusema, "Njooni."

Ningependa klabu za wenye magari za Nyeri, Karatina, Nanyuki na Meru ziseme neno hilo. Kila zinapofanya siku ya mafunzo, ziache nafasi chache kwa wale wanaotubeba: dereva wa matatu, mwenye pikapu ya mboga, kijana wa bodaboda, dereva wa basi la shule. Mwenye Subaru anaweza kujilipia. Mwenye pikapu ya kabeji hawezi kuacha siku ya soko na bado alipe. Nayo serikali ya kaunti itoe uwanja. Na wanaotahini madereva waongeze jambo moja dogo: kabla ya mtu kupewa leseni, akanyage breki kwa nguvu zote mara moja katika maisha yake, mahali palipo na vikoni na si pale palipo na watoto.

Tusisahau kwamba mambo makubwa yamewahi kuanzia kwetu. Waziri John Michuki alikuwa mwana wa Kangema, hapo jirani tu. Mwaka wa 2004 aliposimamia sheria ya mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa kwenye matatu, watu walisema haiwezekani. Tulitembea siku mbili tatu, kama wazazi wanavyosimulia, na mikanda ikafungwa. Baadaye tulizembea, lakini hatuwezi kusema kwamba haikuwezekana.

Nasi wanafunzi tusijitoe lawamani. Tunatembea watatu watatu tukipiga gumzo, tumeipa gari mgongo. Tangu nilipohesabu zile hatua 69 nimebadilisha upande, natembea nikitazamana na magari yanayokuja, na mvua ikinyesha sisimami tena upande wa nje wa kona. Gari likiteleza huenda upande huo. Mwambie na mdogo wako.

Wiki mbili zilizopita nilikutana na jirani yetu akipakia kabeji. Amekonda. Kwenye ile kona siku hizi hupunguza mwendo hata gari karibu lisimame. Nilimsalimu, kisha nikajipa moyo, nikamweleza kile nilichokiona Athi River: kwamba magurudumu yakijifunga usukani haufanyi kazi, na kwamba ukiachia breki kidogo gari linasikia tena. Niliogopa ataniona mtoto asiye na adabu. Aliweka kabeji chini. Akaniuliza nirudie. Nikarudia, nikimwonyesha kwa mguu wangu pale mavumbini. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Miaka kumi na minane naendesha. Mbona hakuna mtu aliniambia?"

Sikuwa na jibu. Swali lake nimelileta kwenu mnaosoma gazeti hili, wazazi, walimu, wenye klabu na wenye vyeo. Wahenga watuwie radhi. Ajali ile ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ilikuwa dakika kumi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu